Mashini Iko Kwangu, Musomaji Iko Kipushi

Bandugu, leo nilivaa kikwembe mupya sababu ya mashini!

Munacheka? Ngojeni kwanza.

Ile mashini ya kusomea filme ya magazeti ya zamani iko moja tu kwa biblioteke mbili: yetu ya universite, na ya Kipushi. Mwezi moja kwetu, mwezi moja kwabo. Filme yote inafwata mashini. Njo mapatano.

Mwezi ya Kipushi, citoyen mwalimu wa historia, musomaji wa ile filme, hakukanyaga kwangu hata siku moja.

Kila asubui, Kipushi!

Eti citoyenne Kabedi, mwenye kuchunga biblioteke ya kule, anamutiliaka chai.

Chai, kati ya mabuku! Shiye hapa hata maji tunakatazaka.

Bon. Leo camion inarudisha mashini. Nilipanguza meza, nilifunga mapazia, nilificha hata termosi ya chai nyuma ya kabati. (Musiambie mukubwa.)

Mwalimu anaingia, amevaa suti yake ya abacost, safi. Roho yangu inaruka.

“Citoyenne, camion ingali hapa?”

“Ndiyo, citoyen. Mashini iko tayari, karibu!”

“Aksanti. Shofere anarudia Kipushi?”

Na alipanda! Kwa dirisha nilimuona pembeni ya shofere, anapanguza viatu.

Miye nilibakia na chai yote.

Nabandika hii kwa ubao ya kantine. Mujibu hapa chini, musiogope.

Mashini iko kwangu. Filme yote iko kwangu.

Sasa kule anaenda kusoma nini?