Datsun Iliyoagizwa Ikiwa Imegongwa

Sosthenes alikuwa fundi rangi wa malori pale Uyole, na kwa hilo hakuna aliyemshangaa. Watu walimshangaa kwa kile alichokuwa akikifanya akishavua ovaroli. Katika chumba cha uani, juu ya meza aliyoitandika gazeti, alikuwa akiunga vigari vya spoti vya zamani, kila kimoja cha kutosha kiganjani. Vilikuja vikiwa vipande vya plastiki ndani ya maboksi, na aliyemletea ni Mika, dereva wa lori aliyezoea safari za Durban.

Hakuwahi kuunga kigari kama boksi lilivyotaka. Usukani uliokaa kushoto aliuhamishia kulia. Springi alizinyanyua, tairi za ulaya akazichonga upya kwa kisu zipate meno ya kushika tope, halafu chini ya milango akapulizia vumbi jekundu la Igowole, alikozaliwa, lililochekechwa kwa soksi ya nailoni. Ukikitazama kigari chake ungeapa kimetoka kupanda milima ya Mufindi asubuhi hiyohiyo. Wapenzi wa magari ya zamani wa Mbeya na Iringa walikuwa na kundi lao mtandaoni, na humo jina lake lilikuwa kubwa.

Siku moja akaja mtu ambaye hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa mzee mrefu, kofia ya pama kichwani, fimbo ya ng'ombe mkononi. Akajitambulisha kuwa anaitwa Budeba, mfugaji, kwao Usukumani lakini kwa miaka mingi sasa anaishi bonde la Usangu. Alizunguka meza polepole akitazama vigari, kisha akanyoosha kidole kwenye picha ya boksi moja.

"Fundi, hili linaitwaje?"

"Datsun 240Z, mzee. La zamani hilo."

"Nitengenezee hili. Rangi ya chungwa, mistari miwili myeusi ubavuni. Ila vioo vya kutazamia nyuma havikukaa sawa hapa pichani. Visikae mlangoni. Vikae huku mbele, juu ya matairi, vimesimama kama pembe."

Sosthenes akamtazama vizuri. Ni kweli, zile za Kijapani zilikuwa na vioo vya namna hiyo, lakini mfugaji wa Usangu amevijulia wapi?

"Halafu," mzee akaendelea, sauti ileile, "taa ya kushoto iwe imevunjika. Boneti ibonyee upande huohuo. Na kioo cha kushoto kisiwepo."

"Mzee, watu huniletea gari bovu nilitengeneze. Wewe unataka zima nilibomoe?"

"Ndivyo ninavyolitaka."

"La nini?"

Budeba hakujibu. Alisema tu atarudi baada ya mnada wa ng'ombe, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Machale yalianza kumcheza Sosthenes hapohapo. Datsun ya chungwa yenye mistari miwili, aliijua moja tu ukanda mzima. Ilikuwa ya Philbert, mfanyabiashara wa mbao wa Iringa, aliyekuwa akiitembeza kwenye mashindano na kuweka picha zake kundini karibu kila wiki. Na picha alizozikumbuka zilikuwa na vioo mbele, vimesimama kama pembe.

Alipomweleza mkewe, Bertha, mama wa watu aliacha kuchambua mchicha.

"Baba Esther, huyo mzee anataka kumroga mtu."

"Acha mambo yako."

"Mambo yangu yapi? Mtu anataka mfano wa gari la mwenzake, tena ukiwa umeshagongwa! Ukikimaliza hicho kidude, kule Iringa gari linaingia korongoni. Na mikono iliyotumika ni ya nani? Si yako?"

Sosthenes alijiambia kuwa yeye ni Mkatoliki, hayo hayamhusu. Lakini kila alipokaa mezani mkono ulikuwa mzito. Alikikamilisha kigari kikiwa kizima, kinang'aa, akakiacha hivyo. Kisha akajilaumu kwa woga, akapasha moto kijiko, akakikandamiza kwenye boneti mpaka plastiki ikalainika na kubonyea. Akaing'oa taa. Akakwangua rangi pale chuma kingeonekana, kama alivyokuwa akiona kila siku kwenye magari yaliyogongwa kwelikweli. Kilipokwisha kilionekana kama ajali iliyokwisha kutokea, na hapo roho ikamruka. Usiku hakulala vizuri. Kesho yake alikifunga kwa pamba, akakitia kwenye boksi la viatu, akapanda basi la Iringa kwenda kumtahadharisha mwenye gari.

Philbert alimpokea getini kwa bashasha. Walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

"Kamwene, fundi! Wewe ndiye Sosthenes mwenyewe? Karibu, karibu."

Walipita hadi banda la nyuma. Datsun ilikuwemo, na Sosthenes alifurahi kama mtoto, mpaka alipoanza kuizunguka. Vioo vilikuwa mlangoni. Juu ya matairi ya mbele hapakuwa na kitu, na bawa la kushoto, lile bati la juu ya tairi, lilikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea kidogo kuliko la kulia.

"Ulivihamisha vioo?"

"Eeh, vile vya mbele vilikuwa vinanisumbua," Philbert akajibu upesi, akashika mada nyingine. "Umeniletea zawadi gani kwenye boksi?"

Sosthenes aliona hakuna cha kuficha tena. Akafungua boksi, akaondoa pamba. "Bosi, nimekuja kukutahadharisha. Kuna mtu aliniagiza hiki. Mimi naogopa ana nia mbaya na wewe."

Philbert alikitazama kigari. Bashasha yote ilimtoka usoni. Hakucheka, hakuuliza maana yake, wala hakushangaa kwa nini mtu aagize gari lililogongwa. Aliuliza swali moja tu.

"Nani?"

"Mzee mmoja. Mfugaji wa kule Usangu."

"Usangu sehemu gani?"

Hapo ndipo Sosthenes alipogundua kuwa amekosea njia. Mtu anayeogopa kurogwa angeuliza mengine. Huyu alikuwa anauliza pa kumpata mzee.

"Sikumuuliza," akasema. Na kweli hakuwa anapajua.

"Niachie hicho kitu, fundi. Sema unachotaka, nitakupa."

"Hapana, bosi. Kina mwenyewe."

Philbert alikishika kigari, naye Sosthenes hakukiachia. Walisimama hivyo, watu wazima wawili, wameshikilia kigari cha plastiki, mpaka mlinzi alipokohoa getini na Philbert akafungua vidole. Njia nzima ya kurudi, Sosthenes alikuwa akigeuka kutazama dirisha la nyuma la basi. Kila pikapu iliyowafuata aliiona kama ya Philbert. Alipita Makambako hajanunua hata chai. Simu aliishika mkononi, akirudi nyuma kwenye picha za kundi moja baada ya nyingine: vioo vikiwa mbele, vioo vikiwa mbele, kisha kimya cha muda mrefu, kisha vioo vikiwa mlangoni. Akazihifadhi zote kabla hazijafutwa. Kabla ya Igawa, zile za kwanza zilikuwa zimeshafutwa kundini.

Budeba alipokuja kuchukua mali yake, Sosthenes alimweleza yote. Mzee alisikiliza akiwa amesimama.

"Yaani ulimwendea yeye kabla hujaniuliza mimi vizuri?"

"Nilikuuliza, mzee. Hukunijibu."

"Ningekujibuje? Wewe ni mtu wa magari, na aliyetuumiza ni mtu wa magari. Nilijuaje kama si ndugu yako?"

Kisha akakaa, na maneno yakatoka. Ilikuwa jua linazama, yeye na mkewe, Ng'washi, wakitembea kandokando ya barabara kuu karibu na Chimala. Gari fupi la chungwa likamzoa mama na kumtupa mtaroni. Dereva alishuka, akamtazama, akarudi ndani, akaondoka. Budeba alikuwa hajui jina la gari lile. Kila alikoeleza habari ya gari lenye pembe, watu walitazamana. Wengine walimwambia mkewe aligongwa na bodaboda, kwamba yeye alichanganyikiwa. Mwisho naye akaanza kujishuku. Mpaka mchuuzi mmoja wa ng'ombe alipomwambia kuna fundi Uyole anatengeneza magari madogo ya kila aina, ndipo akaja apate cha kuwaonyesha.

Walikwenda pamoja hadi nyumbani kwake. Ng'washi alikuwa kwenye kiti chini ya upenu, gongo limeegemea ukuta, mguu mmoja ameunyoosha. Sosthenes akakiweka kigari juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alikitazama kwa muda, akakigeuza kwa kidole mpaka taa iliyovunjika ikamwelekea.

"Ni lenyewe," akasema. Akamtazama mumewe. "Nilikwambia hukuota."

Kigari na zile picha vilifika polisi, na safari hii hakuna aliyetazamana na mwenzake. Datsun haikukutwa bandani Iringa. Ilikutwa shambani kwa jamaa yake Philbert, imefunikwa turubai na kulaliwa na kuku, na chini ya rangi mpya ya lile bawa kulikuwa na puti nene ya kuziba tundu la kioo. Philbert alikiri kuwa aligonga, akasema alikimbia kwa kuogopa wananchi wenye hasira. Kesi iko mahakamani.

Sosthenes aliondolewa kundini bila kuambiwa kitu, na wateja wake wengi wakamhama. Wengine walisema ni mpelelezi. Alipokutana na mmoja wao sokoni, yule bwana alivuka barabara. Naye Budeba, ingawa humletea maziwa ya mgando kila ajapo Uyole, hukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, fimbo mkononi, na hamwambii usiku huo atalala wapi.

Juzi alikuja kijana nadhifu na picha ya Porsche nyeupe kwenye simu, anataka mfano wake, na taa moja ya nyuma iwe ya rangi tofauti. Sosthenes aliweka msasa chini.

"Gari la nani hili?"

"La baba yangu, fundi."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Alifia ndani yake?"

Kijana alivuta simu yake karibu. "Hapana. Alikufa kwa kisukari. Taa ilipasuka, hakupata ya kufanana."

Sosthenes alimkazia macho mpaka yule kijana akaangalia pembeni. Kisha akamwomba namba ya simu ya mama yake, na hakugusa boksi mpaka mama huyo alipopokea na kusema ni kweli.