Walioshika Mrija

Tulikuwa saba kwenye chungu. Dada yangu mkubwa, mjane, ambaye siku ile tulikuwa tunaondoa matanga ya mumewe. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, ndiye mwenye mji sasa. Mke wa huyo mtoto, mwenye mimba ya miezi saba, aliyeonja kidogo tu kwa heshima. Mdogo wa marehemu, aliyekuja kwa baiskeli. Wazee wawili majirani, waliolima bega kwa bega na marehemu tangu tuliporudi kutoka Tanzania. Na mimi, niliyepanda gari asubuhi kutoka Gitega. Fundi cherehani Mwislamu naye alikuwepo, ila alikaa pembeni na chai yake.

Majina yao yote ninayo. Shule niliiacha darasa la pili, lakini kule kambini, ukimbizini Tanzania, nilikuwa naweza kutaja foleni nzima ya mahindi, mtu na baba yake. Hapa siyaandiki. Niliyataja mara moja, na hofu ya siku hiyo haijanitoka.

Ilikuwa Muyinga, wakati wa korona. Kwenye mlango wa mji tulikuta ndoo na sabuni, maana kitinda mimba wa dada yangu ni muganga wa kituo cha afya, naye alikuwa ameamuru hivyo kabla ya kwenda zamu. Tulinawa mpaka vidole vikakunjamana. Viti viliachana urefu wa mkono. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake, na tulijisifu kwa hilo. Kisha ikaja impeke, pombe yetu ya mtama, chungu kimoja, mirija miwili. Tukasogeza viti. Mrija ukazunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na hakuna aliyeshtuka. Kwetu kuukataa mrija siku ya matanga ni kumkataa marehemu. Ugonjwa tuliuwekea sabuni, ila kwenye heshima hatukufikiri kama unaweza kupita.

Siku ya sita baada ya mimi kurudi Yoba, mtaa wetu wa Gitega, yule mtoto mkubwa wa dada akapiga simu. Mama yake amelazwa, kifua kinambana. Akaniambia nikiulizwa, pombe haikuwepo, tulikunywa chai, kila mtu na kikombe chake. Nilimwelewa. Gari la waganga lilikuwa limesimama kwa jirani yao mmoja, watu wakashuka wamejifunika mpaka macho, na tangu siku hiyo hakuna aliyenunua parachichi zake wala kuomba moto kwake. Nikasema ndiyo, chai.

Hakunilazimisha. Mi mwenyewe koo lilikuwa limeanza kuniwasha, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nilihamishia mkeka kwenye jiko la nje, nikawadanganya wajukuu kwamba huko mbu ni wachache.

Kesho yake nilikuwa nachagua maharage, simu ikalia. Ni yule muganga, kitinda mimba. Sauti yake ilikuwa imekwaruka kwa kushinda amefunga barakoa.

Alisema kaka yake anasema chai, mama yake kitandani anasema chai, wazee wote chai. "Mama mdogo, mi nimezaliwa katika mji ule. Tangu lini tukaondoa matanga kwa chai?"

Ningecheka, kama si kuogopa.

Akaendelea taratibu. Waganga wako wawili tu kwa zamu nzima. Hajui aanzie mlango gani. Wifi yake ana mimba, kama aliushika mrija inabidi amfuate leo, si kesho. Nikamwuliza kama atakwenda na lile gari. "Nitakwenda kwa miguu, nimevaa kitenge changu. Watu watadhani nimekuja kusalimia. Lakini nitajie, mama mdogo. Ninamwosha mama, ninarudi kulala na watoto wangu, na sijui ninachokibeba. We ndiye unayekumbuka."

Huku Yoba tulikuwa tukiulizana tuwasaidieje waganga. Wengine walipeleka ndizi, wengine kuni za kuchemshia maji. Mi nilipeleka vipande viwili vya sabuni, nikajiona nimetoa. Sabuni haikuniuma. Majina yaliniuma, maana kila jina nililolitaja nililiona linabaki peke yake na parachichi zake.

Niliyataja jinsi tulivyokaa, kuanzia kulia, kama mrija ulivyokwenda. La mwisho nikataja langu, nikamwambia na koo. Akasema asante, nikae mbali na wajukuu, na nisione haya kuwaambia kwa nini.

Siku ya tatu baada ya simu hiyo mjukuu wangu anayesoma Mushasha aliniletea maji ya ndizi. Alisimama mbali, akajimiminia kidogo, akanywa kwanza, kisha akaniwekea jagi chini. Ndiyo desturi, anayeleta kinywaji anaonja ili mgeni aone hakuna sumu. Hapo nikakumbuka. Yule aliyetuletea chungu siku ya matanga. Naye ni mjane, mchungaji wa ng'ombe wa dada yangu, anayelala peke yake kule chini kwenye migomba. Aliingiza mrija yeye wa kwanza, mbele yetu wote, ndipo akatupatia. Sikumhesabu, kwa sababu kwetu anayeonja hahesabiwi kwamba amekunywa.

Nikampigia muganga. Walimkuta kwenye sakafu, amejifungia kwa ndani, kifua kinapiga mluzi. Alikuwa amejificha, naye akiogopa gari. Kumbeba kwenye machela hakuna aliyejitokeza, mpaka yule mtoto mkubwa, yule wa chai, akaja akashika mti wa mbele bila kusema neno. Ndipo wengine wakashika.

Siku kumi na moja mchungaji yule alipumua kwa mtungi wa hewa. Alirudi. Dada alirudi. Mke wa mtoto alijifungua salama. Mmoja wa wale wazee hakurudi, na mjane wake huuliza mpaka leo ni nani aliyemleta muganga mlangoni kwake. Nikikutana naye ninamsalimu, sijamwambia. Ninaogopa.

Na bado ninahesabu. Nilisema saba, wakawa wanane. Mikono nayo ilikuwa mingi, jua lilikuwa kali, na mrija mmoja ulipita nyuma ya kiti changu nisione ulikokwenda. Kama ulikuwepo siku ile na mrija ukakufikia, nami sikukutaja, nisahihishe. Niambie hata sasa. Usinionee haya kwa sababu ya uzee wangu.