Rispah Aliandika "Niliona"

Rispah aliacha shule kidato cha pili. Yaliyobaki aliyasomea katika chumba cha kupigia pasi, nyumbani kwa madam aliyemfanyia kazi za ndani, mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Binti wa madam alisoma chuoni, na karatasi alizomaliza alizitupa: kurasa za Wamarekani wanaoandika mambo ya kweli. Rispah alizikunjua, akazisoma pasi ikipata moto. Kiingereza kilimkwama hapa na pale, ila aliwajua waandishi hao mmoja mmoja, kama unavyomjua mtu kwa kishindo cha viatu. Mmoja hakulia kamwe; alitaja tu godoro, ndoo, saa, hadi msomaji akalia mwenyewe. Mwingine alijitia ndani ya habari: nilikuwepo, niliona.

Ndipo Adhiambo, Mkenya mwenzake, akataka aandikiwe barua. Alifanya kazi Al-Hamra kwa dadake madam, mkataba umeisha tangu mwaka jana, na kafili, mwajiri aliyemdhamini, kakalia pasipoti yake. Barua ingeenda kwa afisa wa ubalozi, Riyadh, ili arudishwe Kenya.

"Tia machozi, dadangu," Adhiambo alisema kwenye simu. "Tia 'kwa unyenyekevu mkubwa'. Mungu mtaje mara tatu."

"Kila mtu hutia hivyo. Itasomeka kama tangazo la kanisa."

"Haya, profesa wa pasi! Nikikwama huku nitakuandama hata nikiwa jini."

Rispah akaandika: *Analala kati ya mashine ya kufua na mlango. Mlango ukifunguliwa, anakunja miguu. Mkono wa kulia una alama ya pasi, ncha imeelekea kidole gumba. Niliona haya Ijumaa nne, tulipokwenda kula kwao.*

Jina lake mwenyewe hakuliweka, ila namba ya simu tu.

Siku ya tisa afisa akapiga simu. Aliitwa Dismas.

"Nina barua hamsini hapa, zote zinalia sauti moja. Hii nimeiona kwa macho. Lakini huyu aliyeona ni nani? Bila yeye kafili atasema mafi, hakuna kitu kama hicho, na itakuwa halas, imekwisha."

Rispah alifikiria droo ya madam, iliyofungiwa ikama yake, kile kibali cha kuishi, na pasipoti. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Madam na dadake wangekula sahani moja, na jina la Rispah lingekuwa limeshafika pale kupitia kafili. Zile karatasi hazikusema yule Mmarekani alilala wapi baada ya kuandika.

"Uko, mama?"

"Niko." Kanzu ya mume wa madam ilianza kunuka moto. Akainua pasi. "Andika. Rispah Atieno. Al-Safa."

Akarudia polepole ili isikosewe, na nyuma yake mlango wa jikoni ukafunguliwa.