Kamba ya Dorotea

Siku ile ya dhoruba mtumbwi wa mzee Felisian ulikata kamba asubuhi, hapo mwaloni Kiriba, mitumbwi inapoegeshwa ufukoni mwa ziwa. Mawimbi yakaubeba, ukaugonga wa mvuvi mwenzake Baltazar ubavuni na kupasua mbao tatu.

Baltazar akasema atakwenda mahakamani Musoma. Kwanza wakakaa mbele ya kamati ya mwalo, na mwenyekiti wao, mama Prudence, akaliweka wazi: "Kama alifunga vizuri na upepo ukamshinda, hana kosa. Kama alifunga ovyo, atatengeneza."

"Upepo wenyewe ulibeba mpaka mabati ya kanisa," mtu mmoja akasema. "Mtamlaumu nini huyu?"

"Mabati hayakugonga mtumbwi wangu," akajibu Baltazar. Watu wakacheka.

Felisian hakucheka. Alikuwa ameshika kipande cha kamba ya katani, iliyosokotwa na marehemu mke wake. Dorotea alitoka Bunda, kwa wafugaji; alipoolewa Kiriba hata kupanda mtumbwi aliogopa. Ila kamba za kufungia ndama alizijua tangu utoto. Jioni alikaa mlangoni, katani kaipitisha kwenye kidole gumba cha mguu, anasokota huku akiimba kilugha cha kwao. Kamba hizo za ng'ombe ndizo Felisian alizofungia mtumbwi. Wenzake walimtania sana: "Mtumbwi wako huo, karibu utaanza kutoa maziwa!"

Sasa ni miaka sita tangu amzike, na ilikuwa imebaki kamba hiyo moja. Ya nailoni ipo nyumbani, mpya, imetundikwa ukutani.

"Mzee wangu," akauliza Prudence, "kamba ilikuwa nzima?"

Angesema ndiyo, nani angembishia? Dhoruba kila mtu aliiona.

"Ilikuwa imeoza, mama," akasema. "Nilijua. Nilikuwaga nikiifunga, nyuzi zinabaki mkononi."

"Sasa kwa nini, kaka?" Baltazar akamaka.

"Ni ya shemeji yako."

Baltazar akainamisha kichwa. "Hata mimi alinipaga moja, nilipooa," akasema. "Lakini mbao zangu utazirudisha."

"Nitazirudisha."

Wiki nzima Felisian alishinda mwaloni, akipigilia mbao mpya na kuziba nyufa kwa pamba. Alipomaliza, akafunga mtumbwi wake kwa ile nailoni, akavuta fundo, halafu kwa mazoea akafungua kiganja kutazama.

Hakikuwa na uzi hata mmoja.