Muuza Dawa Anayeuliza Paka Analala na Nani

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke aliyevaa koti la kijivu anapitisha kitana chenye meno yaliyokaribiana mgongoni mwa paka wa rangi ya chungwa. Chembe nyeusi zinadondoka juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Anaacha kuchana, anasubiri.

"Mchanga tu huo," anasema mwenye paka, muuguzi aliyetoka zamu. "Anapenda kugaagaa uani."

"Mchanga haubadiliki rangi, dada. Tazama."

Kila chembe inaanza kuzungukwa na wekundu wa kutu.

"Hiyo ni damu ya paka wako. Imeingia kwa kiroboto, ikatoka upande wa pili."

Muuguzi, mtu aliyezoea damu, anarudisha mkono nyuma.

Hivi ndivyo siku inavyoanza katika duka hili dogo la dawa za mifugo. Muuzaji ana miaka arobaini na saba, na wateja humwita Mama Maswali. Hauzi dawa ya viroboto kabla ya kujua paka ana umri gani, ana uzito gani, ana mimba au hana. Muuguzi anapandishwa kwenye mizani akiwa amempakata paka, kisha anapandishwa peke yake. Tofauti ni kilo tatu na nusu.

"Angekuwa wa wiki nne ningekuuzia kitana tu," anasema Mama Maswali. "Mtoto mchanga habebeshwi gunia."

Swali la mwisho ndilo lililompa jina: "Analala na nani?"

Paka wa muuguzi analala peke yake, kwenye kiti cha jikoni. Mama Maswali anamchagulia dawa ya matone ya paka wa uzito huo. Ayadondoshe nyuma ya shingo, ulimi usikofika, na kitambaa cha kiti akifue kwa maji ya moto, maana mayai ya kiroboto hayakai kwa paka, yanaanguka.

Kabla muuguzi hajaondoka, fundi seremala anaingia, penseli sikioni, na kuweka kwenye kaunta kichupa kitupu cha dawa ya viroboto ya mbwa.

"Mama Maswali, leo sina muda. Nipe kama hii."

"Hii umeimaliza lini?"

"Leo alfajiri. Nataka ya mwezi ujao, nisije nikasahau."

"Nyumbani kuna paka?"

"Nimesema mbwa."

"Mbwa nimesikia. Nauliza paka."

"Yupo, wa mama mkwe. Mimi na yeye hatusalimiani."

"Analala na nani?"

Fundi anacheka. "Wewe ni muuza dawa au mshenga? Analala mgongoni mwa mbwa, utadhani kaolewa!"

Mama Maswali hacheki. "Piga simu nyumbani. Sasa hivi."

Fundi anapiga, ameweka spika, wote wanasikia. Mkewe anajibu kwamba paka yuko pale pale pa siku zote, juu ya mbwa, anamlamba shingo. "Kwani vipi? Unamdai?"

Mama Maswali anaichukua simu. "Dada, mtoe hapo. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe vizuri, kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo hata kama mnamwona mzima. Hiyo dawa ni salama kwa mbwa. Kwa paka ni sumu."

Nyuma ya simu inasikika sauti ya kizee: "Paka wangu kafanya nini?"

"Tangu baba mkwe afariki," anasema fundi, "mama hagusi chakula mpaka yule paka akae pembeni yake." Anatoka mbio. Penseli inamdondoka sikioni, inabaki kwenye kaunta.

Mama Maswali alianza hapa miaka kumi na minne iliyopita, akifagia. Duka ni la mjomba wake. Mshahara wake wa mwezi, anasema, unanunua vichupa kumi na viwili vya ile dawa ya paka aliyomuuzia muuguzi, "na mimi sina paka, nina watoto wawili."

Kusoma vikaratasi vya dawa alijifundisha mwenyewe, kamusi pembeni, baada ya kosa moja. Mwaka wake wa pili, shangazi yake alitaka dawa ya paka, akakuta imekwisha. "Nikampa ya mbwa. Nikamwambia, mtilie nusu, paka ni mdogo. Niliona nimefanya hesabu nzuri." Paka alitetemeka usiku kucha, akafa.

"Shangazi alinisamehe. Ila hajaniuliza tena dawa ya kitu chochote, hata ya kikohozi."

Kwenye pakiti ya dawa ile ile ya mbwa kuna picha ya paka iliyopigwa mstari wa katazo. Mama Maswali anaionyesha kwa ncha ya kalamu. Ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Ndiyo maana anataka ubao mlangoni, wenye picha kubwa ya paka aliyelala juu ya mbwa, na swali lake chini yake. Ameomba mara tatu, na wateja wa kila siku wanaujua ugomvi huo. Mjomba hujibu kwamba ubao wa namna hiyo utafukuza wateja. "Namwambia, mjomba, paka aliyekufa haji dukani."

Saa kumi na nusu jioni, fundi anarudi. Mama Maswali anasimama kabla hajasalimiwa.

"Masikio yalianza kumchezacheza tukiwa njiani," anasema fundi. "Daktari kamchoma sindano. Paka atalala kwake leo. Kasema kule kuogeshwa ndiko kulikomwokoa."

"Na mama?"

"Kakaa huko huko, kwenye benchi. Amekula nusu sahani. Kasema atamalizia nusu nyingine paka akitoka."

Mama Maswali anaketi. Kisha anashusha rafuni pakiti nyingine, ya dawa ya mbwa ambayo haimdhuru paka wa nyumba moja, na kumsomea maelezo yake neno kwa neno.

Fundi analipa, anachukua penseli yake, lakini haondoki. Anautazama mlango, anatoa futi mfukoni.

"Huo ubao unaogombania na mjomba wako, unautaka upana gani?"

"Usomeke na mtu mwenye haraka," anajibu Mama Maswali.

Fundi anapima, anaweka alama kwenye fremu ya mlango.