Visu vya Koko

Kuna harufu ya mti unaochomwa na chuma cha moto. Si harufu ya moshi wa jikoni, wala ya takataka zinazoungua uani. Ni harufu nzito yenye utamu kidogo, kama sukari iliyoshika chini ya sufuria, nayo hukaa puani hadi jioni. Wiki iliyopita nilipita karibu na mafundi wanaochomelea milango ya chuma, hapa hapa Bunia, nikaisikia, na kabla sijajua kwa nini, nikajikuta nimekunja uso katikati ya njia nikisema kwa sauti: "Bado tena!" Mwanamke aliyebeba beseni la ndizi aligeuka akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Bado tena" ni maneno ya mama yangu, na mwaka ule aliyasema mara nyingi kuliko alivyosema "Amina". Yote kwa sababu ya kisu.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa kartie Lumumba, mtaa wa hapa hapa mjini, katika nyumba ya bati yenye baraza, na barazani ilikaa cherehani ya Mama. Mama alikuwa mshonaji, tena mshonaji wa wale wanaopima mara moja, wanakata, na hawarudii. Mteja aliyebadili mawazo baada ya kitambaa kukatwa alirudi kwake na mawazo yake. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Ariwara; tulimwona siku mbili tatu, kisha tukausikia mlio wa lori ukipotea, basi, nyumba ikabaki kwa Mama.

Ndipo Koko alipokuja kukaa nasi. Koko ni mama aliyemzaa mama yangu. Alikuwa amelima viazi milimani karibu na Bule maisha yake yote, hadi vita vilipowafukuza. Alifika na kitenge kimoja, sufuria isiyo na mfuniko, na viatu vyake vya kanisa. Hakulia, wala hakusimulia. Tulipomuuliza habari ya njiani alijibu neno moja tu: "Nilisahau kisu yangu."

Mwanzoni tulidhani ni maneno ya uchovu. Lakini asubuhi moja tulimkuta amefunga kitenge chake, amevaa vile viatu, amekaa mlangoni.

"Mama, uko naenda wapi?" Mama akamwuliza.

"Bule. Naenda kukamata kisu yangu, nitarudi."

"Bule gani? Watu wote walitoka, weye utaingia peke yako juu ya kisu?"

Koko akamtazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Mama akamvua viatu, akamfungulia kitenge, akampa chai. Baada ya siku chache, mlango ule ule, viatu vile vile. Tena na tena. Na katikati ya safari hizo zisizoondoka, Koko hakupika wala hakumenya hata kiazi. Alikula kama ndege. Mama alikuwa na msemo wake: "Mwanamke asiyeshika kisu katika nyumba, hajaingia bado." Aliusema kwa hasira, huku akikanyaga cherehani, lakini nilimwona usiku akienda kumsikiliza Koko kama anapumua.

Baba alijaribu kwanza. Alirudi kutoka Ariwara na kisu kipya chenye mpini wa plastiki nyekundu, kinachong'aa kama kioo. Koko akakipitisha juu ya kidole gumba, akakirudisha mezani.

"Hii itakata maji," akasema.

"Sawa," Mama akasema, na nikaona taya zake zimekaza. "Kama ni kisu tu, tutafanyisha kisu."

Karibu na kijito cha Nyamukau palikuwa na mhunzi, Papa Dieudonné, mtu mnene, msemaji, mwenye shati lililotobolewa na cheche kama chujio. Naye alikuwa ametoka upande wa Djugu, kule iliko Bule, ila miaka mingi kabla ya Koko. Makubaliano yalikuwa rahisi: yeye atafua kisu, Mama atamshonea mke wake vazi la kanisa. Baba aliacha kipande cha resori ya lori, kile chuma kinachobeba uzito chini ya gari, kwa sababu Papa Dieudonné aliapa kwamba hakuna chuma kinachoshika makali kama hicho. Mimi niliwekwa kumsindikiza Koko kila Jumatano mchana, kwa kuwa Mama hakuweza kuacha kazi.

Siku ya kwanza Mama alikuja mwenyewe, na chaki yake na karatasi ya kaki. Koko akaeleza: kisu kifupi, tumbo pana, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Cha kumenya viazi. Mama akachora, Koko akakubali, Papa Dieudonné akakubali. Mama akatembea kurudi nyumbani kwa hatua za mtu aliyemaliza jambo.

Ee, wapendwa! Kwanza makaa yalilowa. Halafu kijana wa kuvuta mvukuto alikimbilia kwenye migodi ya dhahabu. Halafu Papa Dieudonné alikwenda matanga ya shemeji, na aliporudi akaenda matanga mengine. Kila Jumatano nilirudi na habari, na kila Jumatano Mama aliinua mguu kutoka kwenye cherehani: "Bado tena?" Vazi la mke wa mhunzi lilikuwa limekwisha zamani, linaning'inia ukutani likitucheka.

Hatimaye kisu kikatoka. Nilikuwepo Papa Dieudonné alipochomeka mkia wa chuma, mwekundu, ndani ya kipande cha mpera. Moshi ukapanda, ile harufu ikanijaa mpaka kooni. Kilikuwa kisu kizuri, cheusi mgongoni kwa alama za nyundo, cheupe kwenye makali. Koko akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akakinusa. Akakaa nacho mapajani muda mrefu sana, na mimi moyoni nikashangilia kwamba Jumatano zangu zimepona.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini si hii."

"Si hii namna gani?" Papa Dieudonné akauliza.

"Ile ilikuwa murefu. Nyembamba. Ncha yake inaangalia juu, kama mudomo ya ndege."

Nilipompelekea Mama maneno hayo, alikata uzi kwa meno na kutema. Lakini asubuhi iliyofuata viatu vya kanisa vilikuwa mlangoni tena, basi Mama akachukua kitambaa kingine, akaanza vazi la pili.

Kile chembamba kikaja, baada ya visingizio vyake. Koko akakishika, akakinusa, akakaa nacho. "Iko muzuri. Lakini si hii." Sasa alitaka kizito, chenye mgongo mnene, cha kuvunjia mifupa ya nguruwe. Kikaja. Si hicho. Kumbe, akasema, chake kilikuwa na tundu mwisho wa mpini, la kupitisha kamba. Kikaja na tundu lake, na kamba Papa Dieudonné akaitia mwenyewe. Si hicho pia. Miezi ikapita hivyo. Mke wa mhunzi akawa mwanamke anayevaa vizuri kuliko wote kanisani. Watu wakadhani mume wake amepata dhahabu. Nami, shuleni, wenzangu walikwenda kucheza mpira Jumatano mchana, mimi nikaenda kukalia jiwe na kusikiliza mabishano ya ncha na mgongo. Nilimchukia Koko kidogo. Nilikuwa na hakika amezeeka akili, kwamba kila akilala anasahau kisu chake kilivyo, akiamka anabuni kingine.

Jumatano moja Mama alifunga cherehani akaja nasi. Kisu cha siku hiyo Koko alikuwa ameshakikataa, na alikuwa anaeleza kingine.

"Makali yake iwe upande ile ingine," akasema. "Ya mutu wa mukono ya kushoto."

Mama akasimama.

"Mama! Weye hauko wa mukono ya kushoto! Tangu unizae, sijaona unashika kitu na kushoto!"

"Mimi hapana," Koko akajibu, kwa utulivu uleule.

"Sasa kisu iko ya nani? Ya nani? Miye nashona mpaka macho inaisha, na weye hauoni huruma!"

Papa Dieudonné naye akatupa nyundo chini, akamgeukia Mama. "Mama Neema, hata miye nachoka! Nimefua kwa watu wa migodi, nimefua kwa walimaji, sijaona mutu kama huyu mama yako. Kila siku kisu ingine! Siye tuko hapa kama wapumbavu wake!"

Koko alitazama moto. Mama akamvuta mkono, tukarudi nyumbani, na mlangoni Mama akasema mambo ya visu yamekwisha, hataki kusikia jina la chuma katika nyumba yake.

Asubuhi Koko hakuwepo. Viatu havikuwepo. Kitenge hakikuwepo.

Sijawahi tena kumwona mama yangu akikimbia vile. Alikimbia na tepu ya kupimia shingoni, bila kitambaa cha kichwa, hadi mahali magari ya Djugu yanapopakia. Aliuliza kila dereva, kila kijana wa pikipiki: mwanamke mrefu, mwembamba, viatu vyeusi. Mmoja alisema ameona bibi kama huyo juu ya lori lililoondoka mapema. Mama akaketi chini, pale pale kwenye vumbi na mafuta, akashika kichwa. "Nilimufukuza," alikuwa akisema. "Nilimufukuza juu ya kisu." Nikasimama kando yake na sare yangu ya shule, sijui nimguse au nisimguse.

Ni mke wa Papa Dieudonné aliyetukuta. Alikuja akihema, ndani ya moja ya mavazi yale ya Mama.

"Mama Neema, kuja kamata mama yako! Iko kwetu tangu jua inatoka!"

Tulimkuta amekaa chini kando ya fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Visu vyote alivyovikataa vilikuwa vimepangwa mbele yake juu ya gunia, na Papa Dieudonné alikuwa anakuna shingo.

"Haukuuzishe hizi?" Mama akamwuliza, bado anahema.

"Nani atanunua? Yote ni visu za zamani. Watu wanataka ya plastiki."

"Haziuzishwe," Koko akasema. "Iko yangu."

"Zote?"

"Zote. Inabakia ile ya mukono ya kushoto."

Nilingoja Mama alipuke. Mama akamtazama mama yake, akatazama viatu vya kanisa vilivyojaa matope ya kijito, akavua tepu shingoni akaikunja taratibu. Kisha akamwambia Papa Dieudonné, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na asiyetaka kuulizwa: "Fanya ile ya kushoto. Leo. Nitakaa hapa mpaka inaisha."

Akakaa kweli. Akavuta mvukuto mwenyewe. Jioni Koko alifunga visu vyote ndani ya kitenge chake, akavibeba kichwani hadi nyumbani, na kesho yake akamenya viazi. Viatu vya kanisa vilirudi kuwa vya kanisa.

Nisiwadanganye kwamba hasira za Mama ziliisha hapo. Koko alianza kuwaita wanawake wa kartie, wengi wao wakimbizi kama yeye, kuja kumenya pamoja Jumamosi. Kila mmoja alipewa kisu, na Koko ndiye aliyechagua nani ashike kipi. Ua ulijaa maganda, vitambaa vya wateja vikashika harufu ya sombe, yale majani ya muhogo waliyopika, na Mama alilalamika tangu asubuhi hadi jioni. Lakini Koko alikula. Alinenepa hata kidogo. Aliishi nasi miaka mingine mizuri, akafa kitandani kwake, mimi nikiwa tayari msichana wa sekondari.

Katika matanga yake ndipo alipofika Mjomba Faustin, mdogo wake Mama, aliyekuwa amekimbilia upande wa Mahagi na hatukuwa tumemwona tangu vita. Mama aliondoka Bule akiwa mdogo sana, akalelewa na shangazi mjini. Faustin ndiye aliyekulia kwa Koko. Aliingia jikoni kuomba maji, akaviona visu vimechomekwa ukutani, akasimama na kikombe mkononi.

"Mulitoa wapi kisu ya Adela?" akauliza.

Hatukumwelewa. Akagusa kile chenye ncha ya kupinda. "Hii ya Adela. Ile nzito ni ya Mama Rozi. Hii na kamba ni ya muke wa katekista. Miye ndio nilikuwa nazinoa wakati nilikuwa mutoto." Akafika kwenye cha mkono wa kushoto, akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Vero. Walikuwa wanalima pamoja na Mama, shamba ya huyu leo, ya mwingine kesho. Wakimaliza, wanamenya pamoja."

"Wako wapi?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Siku ile vita vilipoingia Bule, walikuwa wamebaki nyuma na mavuno.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atalia. Badala yake akapandwa na ile hasira yake ya zamani, akapiga mlango kwa kiganja. "Juu ya nini hakusema? Angesema siku ya kwanza! Tungefanyisha zote mara moja, bila mimi kumutukana mbele ya watu!"

Mjomba Faustin akaweka kikombe chini.

"Dada," akasema, "angesema, wangekuwa wamekufa."

Mama akaingia, akatoa visu kimoja kimoja ukutani, akavifuta kwa upindo wa kitenge chake na kuvirudisha, akimwuliza mdogo wake kila kimoja ni cha nani. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza majina. Jumatano zote zile, nikiwa nimekalia jiwe na kununa, nilikuwa na hakika kwamba bibi yangu anasahau.