Mahindi ya Kwenye Njia Panda

Lorna Kubicek alikuwa mwoga, na mimi jirani yake nasema hivyo bila kumtania. Alipokuwa mtoto, kaka yake Dennis alimpakia kwenye pikapu ya baba yao, wakafika njia panda ya changarawe iliyobanwa na mahindi pande zote, na trekta likatokea. Lorna alitoka mzima. Dennis alikufa pale pale. Tangu siku hiyo, kila njia panda Lorna anasimama, anashusha kioo, anasikiliza. Kuendesha nyuma yake ni adhabu, nakwambia.

Woga huohuo ndio uliompeleka bunge la jimbo, kule Lincoln. Huku Nebraska tulimchagua seneta tena na tena, na kila mara alikuwa na neno moja: mahindi ya kwenye pembe za barabara yakatwe ili watu waonane. Wakulima wakambandika jina, Mama Breki.

"Mama Breki, njoo basi unipangie na chumbani nilale upande gani," mume wangu alimwambia nje ya kanisa. Watu wakacheka. Nilimkanyaga mguu, mjinga yule.

Majira ya kuchipua muswada wake ulipungukiwa kura chache. Seneta Harlan Voss akamfuata.

"Dada, wewe niunge mkono kwenye vibali vya watoto, mimi nakuletea watu wangu."

Voss alitaka watoto wa mashambani wa miaka kumi na nne waruhusiwe kujiendesha wenyewe kwenda shule. Lorna alinipigia simu akilia, kisha akaenda kupiga kura ya ndiyo. Sheria zote mbili zikapita, ila ya kwake ingeanza baada ya mavuno.

Agosti shule zikafunguliwa. Mahindi yalikuwa yameshapita kimo cha mtu, na mjukuu wake Tessa alikuwa na kibali mfukoni. Asubuhi hiyo tulikuwa jikoni kwa Lorna tukila mikate yake ya jamu ya plamu. Tessa alikuwa ameshaondoka. Ghafla Lorna akaweka kikombe chini, uso umemsawijika.

"Jana imenyesha."

"Sasa?"

"Vumbi, Marge. Leo hakuna vumbi."

Nikachukua funguo za gari. Huku kwetu, ukimtoa Lorna, hakuna anayesimama kwenye njia panda za changarawe. Unatazama juu ya mahindi: ukiona vumbi linatimka, gari linakuja, usipoliona, unapita. Ndivyo tunavyowafundisha watoto, sote, hata mimi.

Niliendesha mimi. Njiani alirudia neno moja tu, "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka nikataka kumwambia anyamaze, na nilikuwa naogopa kama yeye.

Kwenye njia panda ya pili tulilikuta lori la maziwa mtaroni, dereva wake amekaa chini kashika kichwa. Pikapu ya Tessa ilikuwa ndani ya mahindi, imebonyea ubavu. Tessa alisimama kando yake, damu puani, mkono mmoja kaukumbatia.

"Sikuona vumbi, Bibi," alisema.

Lorna alipiga magoti kwenye matope, akampapasa kichwa, shingo, mbavu. Naibu wa sherifu alipofika alisoma kibali, akakirudisha.

"Seneta, mtoto hana kosa. Sheria inamruhusu."

Lorna alikitazama kile kibali alichokipigia kura ya ndiyo.

Tessa akajifuta pua. "Bibi, kesho nitaendesha gari lipi?"